Lenzi ya jicho: kutoka ndege za vita mpaka ngozi ya heparini

Kati ya wazee waliokimbia vita vya Mitwaba na Pweto, wapo wanaoongozwa kwa mkono na wajukuu. Kwa wengi wa namna hiyo kinachowafunga macho ni mtoto wa jicho, yaani kataraki. Dawa ya matone haiuondoi. Munganga hutoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Swali la familia ni moja: kitu kigeni kitakaaje ndani ya jicho bila kuliharibu?

Swali hilo lina umri mrefu. Wakati wa vita vya 1940, munganga Mwingereza Harold Ridley aliona marubani waliochomwa machoni na vipande vya plastiki ya ndege zao. Mwili haukuvikataa. Ridley huyo alifika pia Afrika, akachunguza upofu wa mtoni katika nchi ambayo leo ni Ghana. Tarehe 29 Novemba 1949, kwenye hospitali ya St Thomas' mjini London, aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki ile ile. Wakubwa wengi wa kazi yake walimpinga kwa miaka.

Na si kwamba walikosea kila kitu. Plastiki tupu haipendi maji. Ikigusa utando laini ulio nyuma ya kioo cha jicho, hunata nao na kung'oa chembe zake, na chembe hizo kwa mtu mzima hazioti tena. Vilevile chembe za uvimbe hujibandika juu ya lenzi kama vumbi jekundu la barabara juu ya kioo cha gari.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 kampuni Pharmacia ya Sweden ilivika lenzi ngozi nyembamba sana ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Ngozi hiyo hupenda maji, na uchafu haushiki kwa urahisi. Ilisaidia hasa macho yenye uvimbe wa ndani na ya wagonjwa wa kisukari.

Lakini kwa maskini, kizuizi kikubwa kilikuwa bei. Lenzi moja iliweza kupita dola 100. Kiwanda cha Aurolab kule Madurai, India, kilichoanza 1992, kiliishusha mpaka karibu dola 10. Mwaka 1994 kiwanda kingine kilifunguliwa Asmara, Eritrea, kwa msukumo wa munganga Fred Hollows, aliyekufa mwaka mmoja kabla ya kukiona.

Hata lenzi nzuri, mgonjwa anaweza kuona ukungu tena baada ya miezi au miaka. Si ulozi, wala lenzi haijaoza: ni chembe zilizobaki zimeota kwenye kifuko kilicho nyuma yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, kwa kazi ya Danièle Aron-Rosa wa Paris na wengine, ukungu huo hutobolewa kwa leza. Ni dakika chache, bila kisu, na lenzi inabaki mahali pake.