Sukari Iliingia Buha kwa Njia ya Kikombe

Katika Buha, nchi ya Waha iliyo kwenye nyanda za juu za Kigoma, ambamo zimo wilaya za Kibondo na Kasulu, sukari ya dukani ni mgeni wa vizazi vichache, na njia aliyopitia mgeni huyo inaeleza ni wapi inapofaa kuanza kupunguza sukari ya kuongezwa, yaani ile inayotiwa katika chakula au kinywaji ambacho kiasili hakikuwa nayo.

Kiungo kilichowasafirisha watu zamani kilikuwa chumvi ya chemchemi za Uvinza. Utamu ulipatikana nyumbani, lakini kwa msimu. Warina asali walitundika mizinga ya magogo na ya magome katika misitu ya miombo, wakairina kwa moshi mvua zilipokatika, na sehemu ya asali hiyo ikawa pombe ya sherehe. Uji wa ulezi uliweza kutiwa kimea, ambacho ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, nacho hugeuza wanga wa uji wenyewe kuwa utamu. Ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko unayopewa leo.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na chini ya Waingereza vijana wengi wa Kiha walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako mshahara wa fedha uliwazoesha bidhaa za dukani. Waliporudi nyumbani na mazoea hayo, chai na sukari zikashikamana, hata uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilipouzwa kwa mgawo, haukuzitenganisha.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari za kuongezwa zisifikie asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, takribani gramu 25 au vijiko sita vya chai. Hesabu hiyo inajumuisha pia asali na maji ya ndizi yaliyokamuliwa, lakini si ndizi mbivu inayoliwa nzima. Kwa hiyo kubadilisha sukari kwa asali, hata ile bora ya Kibondo, si kupunguza. Ugali, maharage, mihogo na dagaa wa Ziwa Tanganyika havikuwahi kutiwa sukari, hivyo anayepunguza kijiko kimoja katika kila kikombe cha chai hagusi chochote katika mapishi ya Waha.