Ufuatiliaji wa kisukari cha mimba baada ya kujifungua

Ufuatiliaji wa kisukari cha mimba ni upimaji na uangalizi wa mwanamke ambaye sukari yake ya damu ilipanda akiwa mjamzito. Homoni za kondo la nyuma huipunguzia nguvu insulini ya mama. Kondo likishatoka, sukari ya wengi hurudi chini ndani ya siku chache, dawa husimamishwa, na mama huhesabiwa amepona. Kumbe mimba ilikuwa imefichua kongosho lenye akiba ndogo ya insulini. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2020 ulionyesha kuwa hatari ya wanawake hawa kupata kisukari cha aina ya pili inakaribia mara 10 ya wenzao.

Jambo hili lilijulikana tangu mwanzo. Mwaka 1964, huko Boston, John O'Sullivan na mtakwimu Claire Mahan waliweka vigezo vya kipimo cha sukari kwa wajawazito kwa kuangalia ni nani kati yao aliyekuja kuugua kisukari baadaye.

Kipimo kinachopendekezwa hufanywa kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua. Mama hulala bila kula, hutolewa damu asubuhi, hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, kisha hutolewa damu tena baada ya saa 2. Milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kunywa, au 11.1 baada ya saa 2, ni kiwango cha kisukari. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakiaminiki wakati huu, kwa sababu damu iliyopotea wakati wa kujifungua hupotosha majibu. Upungufu wa damu na selimundu nao hupotosha.

Kinachosikitisha ni kwamba wengi hawapimwi kamwe. Kenya na Tanzania, mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, kisha 10 na 14, na anayembeba ni mama yuleyule. Mtoto hupimwa uzito na kadi yake hujazwa. Mama hurudi nyumbani bila kuulizwa habari ya sukari. Siku ya chanjo ya wiki ya 6 au ya 10 ndiyo ingefaa zaidi kwa kipimo cha mama, ilimradi aambiwe mapema aje bila kula.

Kwa wanaokaa arobaini, uji wa mzazi si lazima uachwe. Kinachopunguzwa ni sukari inayotiwa ndani yake. Kunyonyesha nako kumehusishwa na kupungua kwa hatari.

Majibu yakiwa mazuri, kipimo hurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yote. Hurudiwa pia kabla ya kushika mimba nyingine, kwa kuwa viungo vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajahudhuria kliniki, na sukari iliyopanda wakati huo inaweza kuuharibu moyo au uti wa mgongo wa mtoto.