Wachwezi: Jamaa ya Mashujaa wa Buhaya

Zamani sana kabla ya mwaka 1940, wachora katuni wa Marekani walipowakusanya mashujaa wao katika chama kimoja, wazee wa Bukoba na Muleba, huko Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, walikwisha kusimulia habari za Wachwezi, mashujaa wa kale ambao kila mmoja alikuwa na milki yake: Mugasha ziwa na tufani, Irungu mwitu na wanyama wake, Kazoba jua, Ryangombe ng'ombe, na Wamara, sultani wao, roho za wafu.

Wala hawakusifiwa tu, bali makosa yao pia yalisimuliwa. Kwani Wamara, aliyekirimiwa hidaya tele na Kintu, mfalme wa kuzimu, alisahau fadhila, akatumiwa Mauti kumdai.

Mugasha alipendwa sana na wapiga nanga, yaani waimbaji wa tenzi kwa ala ya nyuzi iitwayo nanga, na si ajabu, kwa watu wanaolala wakisikia mawimbi ya Ziwa Viktoria.