Kondo la Nyuma: Mnyama kama Kielelezo cha Mwanadamu

Katika karne ya 16, wapasuaji wa Ulaya hawakupata kwa urahisi miili ya wajawazito. Pengo hilo lilijazwa na wanyama. Leonardo da Vinci, mnamo 1511 hivi, alimchora mtoto wa binadamu katika mji wa mimba wenye kondo la vinundu vingi, ambalo ni la ng'ombe. Andreas Vesalius, aliyemlaumu Galen kwa kumpa mtu viungo vya wanyama, naye aliteleza njia ile ile: katika kitabu chake cha 1543 kondo la binadamu ni mkanda, kama la mbwa. Alilisahihisha katika toleo la 1555. Mnamo 1559 Realdo Colombo akaliita plasenta, yaani mkate bapa kwa Kilatini. Kiswahili chasema kondo la nyuma, kwa kufuata zamu ya kutoka.

Je, wanyama waachwe? La. Kondo la panya, kama la mwanadamu, huguswa na damu ya mama moja kwa moja, na mimba yake ya siku 20 hivi humrahisishia mtafiti kazi. Lakini seli zake hazipenyi sana katika ukuta wa mji wa mimba kama zile za binadamu. Na ni upungufu wa kupenya huko unaohusishwa na kifafa cha mimba, maradhi yanayowaua akina mama na ambayo panya hayampati kwa asili. Mnyama basi ni shahidi: ushahidi wake hupimwa kwanza kwa mwili wa mtu, ndipo ukubaliwe.