Mafuta ya vidanji ndani ya mazutu: gari inapata nini, inapoteza nini?

Kwenye garaji za Bukavu, kila gari inapofanya vidanji, kunabaki bidoni ya mafuta meusi. Si yote yanamwangwa. Mengine yanapakwa kwenye mbao juu ya mchwa, mengine yanaenda kwa wapasuaji wa mbao kwa kulainisha mnyororo wa mashine. Kuna pia mashofere wenye wanayachanganya na mazutu ndani ya rezervuari, ili litre chache zipungue kwenye matumizi ya siku.

Mtu anaweza kuelewa sababu yake. Mazutu na esansi za Kivu Kusini zinatoka mbali, bandarini Mombasa na Dar es Salaam, zinapita mipaka na barabara za zaidi ya kilomita 1,000. Bei ikipanda pale, hapa pia inapanda, na abiria hakubali kuongezewa nauli. Lakini je, mchanganyiko huo unasaidia kweli?

Mafuta ya vidanji ni kitu gani?

Mafuta ya motere na mazutu yote yanatoka kwenye petroli ghafi, kwa hiyo mafuta machafu yanaweza kuwaka na kutoa nguvu. Hapo wanaosema inawezekana hawadanganyi. Tofauti ni tatu.

Ya kwanza ni uzito. Kwenye joto la digri 40, mafuta ya motere ya kawaida kama 15W-40 ni mazito zaidi ya mara 20 kuliko mazutu. Enjekteri inatakiwa kunyunyiza mazutu kama ukungu. Mafuta mazito yanatoka kama matone, hayaungui yote.

Ya pili ni joto la kushika moto. Mvuke wa mazutu unaweza kuwaka kuanzia digri 55 ao zaidi kidogo. Mafuta ya motere yanangoja zaidi ya digri 200. Asubuhi ya baridi, motere inakuwa ngumu kuwaka.

Ya tatu ni uchafu. Ndani yake kuna masizi, maji, na unga wa chuma, shaba na alumini wenye umekwanguliwa kwenye motere. Kuna pia zinki, fosforasi na kalsiamu zenye kiwanda kilitia ili kulinda vyuma. Hizo haziungui, zinabaki kama majivu kwenye pistoni na valvu.

Gari zenye zinavumilia na zenye hazivumilii

Motere ya zamani yenye pompi ya kimakanika, kama 1HZ ya Land Cruiser ao 3L ya Hiace, inaweza kuvumilia kiasi kidogo kwa muda. Jeshi la Marekani lilikuwa na kamioni za M35 zenye motere iliyotengenezwa kwa kuchoma aina nyingi za mafuta. Katika miaka ya 1990 kampuni Cummins iliuza mfumo wa Centinel kwa kamioni kubwa: ulichota mafuta ya motere kidogo kidogo, ukayapeleka kwenye mazutu, ukarudishia mafuta mapya. Lakini mashine ndiyo ilipima kiasi, na kiasi kilikuwa kidogo sana. Baadaye, sheria za moshi zilipokaza na gari mpya zikawekewa filtre kwenye bomba la moshi, njia hiyo haikufaa tena, kwa sababu majivu yanaziba filtre hizo.

Gari za kisasa za mazutu ni habari nyingine. Motere ya D-4D, yenye iko kwenye Hilux na Prado nyingi, inasukuma mazutu kwa zaidi ya bar 1,000. Nafasi kati ya vyuma ndani ya enjekteri yake ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Unga kidogo wa chuma unatosha kuikwangua. Enjekteri moja ikikufa, akiba yote ya mwaka imeisha.

Gari na moto za esansi zisijaribu kabisa. Buji zitachafuka, motere itaanza kugonga, na moshi wa bluu utaonekana toka mbali.

Tufanye hesabu

Tuchukue gari yenye inakula litre 12 kwa kilomita 100, na inafanya vidanji kila kilomita 5,000. Kati ya vidanji mbili imekunywa litre 600 za mazutu. Vidanji yenyewe inatoa karibu litre 8. Hata shofere akizichoma zote, amepata litre 8 juu ya 600, ni kusema moja na kidogo kwa mia. Anayetaka zaidi lazima anunue mafuta machafu ya gari zingine, yenye hajui yalipita wapi.

Kuchanga pesa kwa njia hiyo ni sawa na kuchota maji kwa kikapu. Upepo wa kutosha kwenye matairi, filtre ya hewa isiyojaa vumbi na enjekteri zilizopimwa vizuri vinaweza kuleta faida kubwa kuliko hiyo.

Je, kuchuja kunatosha?

Kitambaa, hata kikunjwe mara nne, kinashika takataka kubwa tu. Masizi mengi ni madogo kuliko mikroni moja, yanapita. Kuacha bidoni itulie majuma kadhaa kunasaidia maji na matope kushuka chini, lakini zinki na kalsiamu zimeyeyuka ndani, haziondoki. Kwa kujua kama kuna maji, mafundi wanatia tone moja kwenye chuma cha moto: likipasuka-pasuka, maji yapo.

Moshi na ziwa

Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, milima ni mikali, motere za mazutu zinatoa moshi mweusi hata bila kuongezewa kitu. Mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa kansa cha OMS kilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa kwa binadamu. Mafuta machafu yanauongezea majivu na chembe za vyuma, na wa kwanza kuuvuta ni wenye kuuza kando ya barabara, motari na watoto wanaotoka masomo.

Kumwanga pia si suluhisho. Kile kinamwangwa kwenye mtaro kinashuka na mvua mpaka Ziwa Kivu, na kuna jamaa zinazochota humo maji ya kutumia nyumbani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi, na sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inahusu kulinda mazingira hayo.

Mambo ya kushika

• Weka mafuta machafu kwenye bidoni yenye kifuniko, mbali na watoto, usiyachanganye na maji ao esansi.
• Usitumie tena bidoni hiyo kwa maji ao mafuta ya kula.
• Usiyapake kwenye ngozi, kidonda ao mnyama, wala kwenye mbao za jikoni na kitanda.
• Fundi anawe mikono kwa sabuni, si kwa esansi.
• Kama gari ni ya kisasa, usiyatie kwenye rezervuari hata litre moja.