Musumari: neno limetoka wapi?

Ku kenkayeri za Goma, Bukavu ao Uvira, mutu akiomba musumari tu, muuzaji anamuuliza: wa mbao ao wa manjanja? Swali hilo si la bure. Musumari wa manjanja uko na kichwa kipana chenye kufunika tundu. Ule wa mbao, kichwa chake ni kidogo: upepo ukivuta, bati linachomoka, na mvua inaingia mpaka pa kitanda.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, mismar. Watu wa pwani walisikia ile m ya mwanzo, wakalipanga pamoja na mti na mkate: msumari, misumari. Neno mstari lilifanyiwa vile vile. Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19, na misafara ya biashara iliyovuka ziwa Tanganyika kuelekea Maniema. Hapa watu wanatamka musumari. Rwanda na Burundi ni umusumari.

Visi na bulo havikupita njia hiyo. Ni Kifaransa, vis na boulon, lugha ya Wabelgiji ku karakana zao. Tanzania wanasema skrubu, kutoka Kiingereza, na kamusi ziko bado na parafujo, neno la Wareno. Basi fundi wa Uvira akienda kununua vyombo Kigoma, kwa musumari ataelewana na muuzaji mara moja. Kwa visi, afazali atoe moja mu mufuko aonyeshe.