Kesi ya gita: Jinsi ya kuchagua ile itaokoa gita yako na jua la Kitengela

Kama unaishi Kite na una gita ya mbao, hii stori ni yako. Desemba ilikuwa inalia poa. Kufika Februari, ukipitisha kidole kando ya shingo unasikia freti zinakukwaruza, nyuzi zinavuma kama nzi, na tuni haikai hata dakika kumi. Unaanza kumlaumu msee aliyekuuzia. Buda, mara nyingi shida ni hewa.

Mbao hunywa unyevu kutoka kwa hewa na kuurudisha. Hewa ikikauka, mbao inasinyaa: uso wa gita unazama, freti zinachomoza kando, na ikizidi, mbao inapasuka. Mvua ikija, mbao inavimba: uso unapanda, nyuzi zinakaa juu, na kubonyeza kodi inakuwa kazi ya jimu. Watengenezaji wengi wa gita wanataka unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 55.

Sasa cheki Kajiado. Kaunti moja ina Ngong, karibu mita 2,000 juu ya bahari, baridi na ukungu, na pia ina Magadi, kama mita 600 tu, joto kama jikoni. Ukitoka Ngong asubuhi kupiga shoo Magadi mchana, gita yako imepitia misimu miwili siku moja. Kitengela nayo iko kwa uwanda mkavu: mchana jua na vumbi, usiku baridi, na Julai ndio usiseme.

Hapo ndipo kesi inaingia, na si ile ya kortini. Weka hii akilini: hakuna kesi inayozuia joto na unyevu kabisa. Kazi yake ni kupunguza kasi. Badiliko la polepole mbao inaweza kulivumilia. La ghafla ndilo huiumiza.

Kwanza jua gita yako

Angalia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya mbao inashuka moja kwa moja kutoka juu hadi ndani, uso wako ni mbao nzima, na hiyo inahitaji ulinzi wa kweli. Ukiona tabaka kama za mkate wa sandwichi, hiyo ni plaiwudi. Plaiwudi ni sugu kiasi, kwa hivyo usichome doh yote kwa kesi.

Chaguo zako

*Begi la kitambaa.* Jepesi, unalibeba mgongoni ukipanda boda. Linazuia vumbi na mikwaruzo, lakini hewa inapita kwa zipu na joto linaingia haraka. Kwa gita ya plaiwudi, begi lenye sponji nene linatosha.

*Kesi ya sponji ngumu.* Katikati ya begi na sanduku. Sponji inachelewesha joto vizuri na bado unaweza kuibeba kwa mat. Udhaifu wake ni zipu, ndiyo inapitisha hewa.

*Sanduku la mbao.* Zito, lakini likifunga vizuri, ndani hakubadiliki haraka. Kwa gita inayokaa sana kwa keja, hili ndilo bora kwa bei yake.

*Plastiki ngumu au faibaglasi.* Haziogopi mvua, na zile zenye mpira kwenye ukingo wa kifuniko zinafunga kuliko zote. Bei nayo si ya jioni.

Doh ni kidogo? Fundi seremala mzuri wa mtaani anaweza kukutengenezea sanduku la plaiwudi. Mwambie aweke sponji ndani na mpira mwembamba ukingoni, kama ule wa mlango wa gari.

Ijaribu kabla ya kulipa

Weka karatasi ukingoni, funga kifuniko, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa pia itapita. Rudia pande zote. Halafu washa tochi ya simu, ifungie ndani na utafute mahali penye giza kidogo. Ukiona mwanga unavuja, hapo ndipo ukame utaingilia.

Gita nayo ikae bila kucheza, na shingo ilaliwe na sponji. Rangi pia ina maana: nyeusi ina luku, lakini inakula jua kuliko rangi nyepesi.

Kesi tupu haitoshi

Kiangazi kikiwa kirefu, hata kesi kali itakauka ndani. Nunua haigromita ndogo, kile kipimo cha unyevu, uiweke humo. Ikishuka chini ya 40, ongeza unyevu: chukua kisahani cha sabuni chenye kifuniko, kitoboe juu, weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoke, kisha kiweke karibu na kichwa cha gita. Ikipita 60 wakati wa mvua, toa sponji na uweke vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Ukiwa barabarani na kwa keja

Usiache gita kwa buti ya gari lililoegeshwa juani. Joto la ndani linaweza kulegeza gundi, daraja likang'oka, na hapo hakuna kesi itakuokoa. Ukilazimika kungoja juani, funika kesi na shuka nyepesi.

Ukifika mahali penye hewa tofauti, tuseme umeshuka Mombasa kwa shoo, usifungue kesi hapo hapo. Ipe angalau nusu saa izoee.

Kwa keja ya mabati, usiiweke juu ya kabati karibu na paa, huko ndiko joto hukusanyika. Usiilaze kwa sakafu ya simiti msimu wa mvua pia. Isimamishe juu ya kiti, mbali na dirisha lenye jua, na latchi zikiwa zimefungwa. Kesi iliyoachwa wazi ni fanicha tu.

Kwa hivyo ukienda tao kununua, acha kuangalia stika na rangi kwanza. Funga kifuniko, vuta karatasi. Ikishika, hiyo ndiyo yako.